Bandari Alikozikwa

Mumewe alimkanyaga mguu kwa mara ya tatu, na filamu haikuwa imefika hata nusu.

"Unakwenda wapi tena?" fundi cherehani akamnong'oneza.

"Kununua maji."

"Na hiyo chupa uliyoshika?"

Mume akaitazama chupa, akaketi. Watu wa safu ya nyuma wakasonya. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Wiki mbili nzima alikuwa ameisubiri siku hii. Alifunga cherehani mchana kweupe, akawaambia wateja waje kesho, akaja kwenye tamasha la filamu, yeye ambaye hata tamthilia za televisheni humshinda. Hakufuata vita vya watu vilivyomo kwenye filamu. Tangazo lilisema filamu hii ya Kiirani imerekodiwa kwenye bandari fulani, na ni kwenye bandari hiyo alikozikwa mume wake wa kwanza, miaka tisa iliyopita. Homa ilimkamata melini, akashushwa, akafa. Kaburi lenyewe fundi hajaliona hata kwenye picha. Alitaka jambo moja tu, aione ile ardhi kwa macho yake, roho itulie.

Na wa kumharibia ni huyu huyu aliyemletea habari za msiba. Mume wa sasa alikuwa baharia mwenza wa marehemu. Yeye ndiye aliyemwosha na kumfukia kwa mikono yake, yeye ndiye aliyerudi na begi la nguo, akalia kuliko wafiwa. Akazoea kuja kumjulia hali fundi, mara anaziba paa, mara anarekebisha mlango, mpaka wakaoana. Mtu mwema, hana makuu. Lakini leo sijui aliamkia ubavu gani. Asubuhi kichwa kilimuuma. Mchana tiketi hazikuonekana, kumbe ziko mfukoni mwake.

"Tusiende, mke wangu," alisema. "Kule niliacha mengi."

"Basi baki nyumbani."

Kubaki nako hakutaka.

Halafu, kabla filamu haijaanza, mwenyeji wa tamasha naye akawachosha kwa hotuba. Filamu imerekodiwa mwaka jana tu, meli ni za kweli, hata mabaharia wa kigeni mtakaowaona ni watu wanaoishi pale pale bandarini. Fundi akapiga miayo. Aanze basi. Ikaanza, ikakatika dakika kumi. Iliporudi, mbele yake akaketi mzee mwenye kofia pana kama ungo.

"Samahani, baba. Kofia."

Kofia ikavuliwa, na bandari ikatokea: winchi, makontena, kilima chekundu kwa nyuma. Fundi akaegemea mbele.

"Kaburi liko upande gani?"

"Nyuma ya kilima," mume akajibu bila kutazama. "Halionekani. Twende zetu."

"Usiniudhi."

Mume akafumba macho, akajifanya amelala. Fundi alimjua, akamwacha. Huyu walau kujifanya anakuweza. Marehemu kulimshinda kabisa. Alikuwa akijilaza kitandani ili asitumwe dukani, anakoroma vizuri tu, lakini kidole gumba cha mguu wa kushoto, kile kilichong'oka ukucha, kinacheza chenyewe. Fundi alikuwa anasimama mlangoni anakitazama, anacheka mpaka anakaa chini. Miaka tisa sasa, na bado kicheko kile kilimuuma.

Kwenye filamu mabomu yakaanguka. Meli ikaungua mchana kutwa, kisha moshi ukaondoka, na maiti za mabaharia zikapangwa gatini, zimefunikwa shuka, miguu nje. Mahali fulani mwanamke akalia. Kamera ikapita polepole, miguu kwa miguu, mpaka maiti ya mwisho.

Mguu wa kushoto. Kidole gumba hakikuwa na ukucha. Kikacheza, kikatulia, kikacheza tena.

"Maiti gani hii," mtu wa nyuma akacheka, "inachezesha kidole."

Fundi hakucheka. Akageuka kwa mumewe. Mumewe alikuwa amefumbua macho, na hakuwa anatazama filamu. Alikuwa anamtazama yeye.

"Alinipigia magoti," akasema. "Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nije nikwambie amekufa."