Simba Hawamo

"Futa simba wote," fundi alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mwandishi wa filamu aliukodolea macho mswada wake wa maisha ya mzee huyo. Simba walikuwa wanne, na mwongozaji aliwapenda kuliko waigizaji wake. Lakini bila sahihi ya mzee huyu, filamu isingeitwa kisa cha kweli, na yeye angeachishwa kazi ifikapo Ijumaa.

"Mzee, watazamaji wa siku hizi..."

"Binti, mimi nililelewa na mbwa. Mbwa! Mtaa mzima unaniita Porini kwa sababu hiyo. Leo unaniletea simba na maporomoko ya maji! Sipendi mtu ayatie chumvi maisha yangu."

Pembeni, dada mkubwa wa fundi, aliyekuwa akishona vifungo, alishikwa na kikohozi.

Basi mwandishi akakata simba, akakata na maporomoko, huku roho ikimuuma. Kwa kumpoza, fundi alimtolea gazeti kuukuu kutoka kwenye mtoto wa meza. Pichani, mvulana wa miaka sita alimkumbatia mbwa jike, siku aliyopatikana. Shati lake lilikuwa na vifungo vyote, na nywele zimechanwa vizuri.

"Mbona msafi hivi, mzee?"

"Walinipamba kwa ajili ya picha. Si unawajua watu wa magazeti?"

"Na hiyo miaka mitatu uliyoishi na mbwa, ulikula nini?"

"Mifupa," fundi alisema. "Halafu ni minne. Andika minne."

Kikohozi kikarudi, cha kupasua kifua.

"Dada, kunywa maji," fundi alisema kwa ukali, akavuta karatasi na kutia sahihi.

Mwandishi nusura ampige busu. Alishuka ngazi mbiombio, karatasi kaikumbatia kifuani. Alipofika barabarani manyunyu yakamkumbusha mwavuli wake, akapanda tena. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani dada mtu alikuwa akicheka hadi kiti kinalia.

"Miaka minne! Mwaka jana si ilikuwa mitatu? Mdogo wangu, ulisinzia kwenye kibanda cha mbwa wa jirani, mama akakutoa kabla chai yake haijapoa!"

"Ndiyo maana nimekataa simba," fundi alisema. "Nani angeamini?"