Swali la Seremala

Mwalimu wa fasihi alikuwa akifuta ubao mchumba wake, seremala, aliposimama mlangoni, riwaya mkononi. Leo ndiyo siku ambayo mwalimu aliahidi kumjibu kama ataacha kazi wakishaoana.

“Nimeimaliza,” seremala alisema. Kurasa zilikuwa na vumbi la mbao. “Huyu dada wa humu kitabuni alimpenda yule bwana kweli?”

“Alimpenda sana.”

“Na duka lake?”

“Alilipenda pia.”

“Sasa mbona kaondoka kimyakimya? Si angesema tu anataka vyote viwili?”

Mwalimu alikibana kifutio mpaka chaki ikamtifukia vidoleni. Angeweza kumweleza dhamira na migogoro, kama anavyowaeleza wanafunzi wake.

“Hakuna aliyemuuliza,” alisema.

Seremala akakuna kichwa, akajibana kwenye dawati la mbele, magoti yakimgonga kidevuni. “Mama alisema mke atulie nyumbani, nami nikaitikia tu. Haya, mimi nakuuliza. Wewe mwenzangu unataka nini?”

Mwalimu akavuta kiti, wakatazamana.

“La kwanza, siachi kufundisha.”

Seremala akaitikia kwa kichwa, taratibu.

“Na la pili?”