Jina la Kazini

"Emery ndiye huyu?" karani aliuliza, akimwonyesha kwa kalamu mwanamume aliyekaa kando ya mjane.

Mjane aliitikia kwa kichwa. Emery alikuwa shemeji yake, na karatasi za ukimbizi zilikuwa zake kweli. Ila aliyeajiriwa kwa karatasi hizo, akalinda mlango wa jengo moja la mtaa wa Marshalltown miaka tisa, alikuwa mumewe. Mwaka jana alizikwa kwa jina lake mwenyewe. Akiba yake ya kazini ikabaki kwa jina la Emery, na sasa ilikuwa imetangazwa kuwa haijadaiwa na mtu.

"Shemeji, tutagawana," Emery alikuwa amemwambia. Leo alikuja amevaa buti za marehemu, zile ambazo mjane alizing'arisha kila asubuhi. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa jinsi mumewe alivyozoea kusimama.

"Miaka tisa mlangoni, eish," Emery alimwambia karani, akijikanda goti. "Miguu yote imekwisha."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akamgeukia mjane. "Na wewe, mama, ni nani wake?"

Chini ya meza, kisigino kile kilicholika kilimkanyaga taratibu.

"Ni mume wangu," alisema.

Karani aligonga muhuri. "Una bahati, mama. Wengi wanaokaa kwenye kiti hicho ni wajane."