Shahidi Aliyekataa Kusaini

Sagyn aliziba pua kwa leso, lakini kadiri alivyoziba ndivyo harufu ilivyozidi kumpanda kichwani: kali, chachu, ya kutia kichefuchefu.

"Simama mbali nami, kijana," alisema. "Jua halijakaza na wewe umeshalewa. Huoni haya?"

Eldiyar alikuwa ameegemea lori lake dogo lililojaa aprikoti, macho mekundu, miguu haimshiki sawasawa. "Sijalewa, mzee. Nimekesha njiani kutoka Batken. Ni usingizi tu."

"Walevi wote wana usingizi."

Sagyn, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwa na kesi na mtu. Alikuwa akiteremka kutoka malishoni kwa wakwe zake, Luteni Maksat wa polisi wa trafiki alipomsimamisha na kumwomba kwa adabu awe shahidi. Eldiyar alikuwa ameng'ang'ania haki yake: bila mashahidi wawili wasio polisi, hapulizi mashine ya kupimia ulevi. Wa kwanza alikuwa Zuura, muuza jibini kavu wa pale kando ya barabara.

Burul, mkewe Sagyn, alitoa kichwa kwenye dirisha la gari lao. "Baba, malizeni twende! Kumisi aliyotufungashia mama itapasua chupa kwa joto hili."

"Nakuja!" Sagyn alicheua. Kumisi ile, maziwa ya farasi yaliyochachushwa mpaka yakatoa povu, ilikuwa bado imemjaa tumboni. Mama mkwe akikumiminia bakuli, humwambii basi.

Maksat alifungua mrija mpya mbele ya macho yao, akauchomeka kwenye mashine. Eldiyar akapuliza.

Sifuri.

"Haya, nimeona," alisema Zuura, akasaini.

Eldiyar alimgeukia Sagyn, mikono kifuani. "Bado wewe tu, mzee wangu. Matunda haya yakichelewa soko la leo ni ya kumwaga. Ndiyo mavuno yetu yote."

Sagyn aliirudisha kalamu. "Siweki jina langu kwenye uongo. Mtu ananuka mpaka nataka kutapika, halafu sifuri?"

"Ananuka nini?" aliuliza Zuura.

"Wewe husikii?"

"Mimi nashinda na jibini, baba. Pua yangu ilishastaafu kama wewe."

Maksat alijikuna shingo. "Mzee, ukikataa kusaini, inabidi nimpeleke mjini akatolewe damu hospitali. Ni kutwa nzima."

"Mpeleke! Watu kama hawa ndio wanaotuulia watoto barabarani."

"Mzee, nakuomba," alisema Eldiyar, machozi yakimlengalenga.

Machozi yale yalizidi kumchefua Sagyn. Mlevi na kilio chake! Akaipokonya ile mashine mkononi mwa luteni.

"Hiki kidude ni kibovu. Nitawaonyesha. Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, na nchi nzima niliyoifundisha inajua. Kikitutolea namba moja, mimi na mlevi huyu, kipeni watoto wakachezee."

"Hulazimiki, mzee," alisema Maksat. "Umekuja kama shahidi. Hakuna sheria inayokutaka upulize."

"Weka mrija!"

"Baba, achana nao!" aliita Burul.

"Nimesema weka!"

Maksat aliweka. Sagyn alivuta pumzi, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mashine ikalia mlio mrefu ambao haikuwa imeutoa kwa Eldiyar. Zuura alichungulia, kisha akajishughulisha na vitambaa vya jibini lake.

Maksat aliitazama namba, akaitikisa mashine, akaitazama tena. Akavua kofia kama mtu anayeingia msibani.

"Mzee," alisema taratibu, "naomba funguo za gari. Na wewe pia una haki zako. Nikusomee?"