Kioo cha Eda

Husemwa kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanapazi aliijua angali hai. Mkono wake wa kushoto ulizikwa siku moja na mumewe, baada ya ajali, na bado ulimuuma. Aliuhisi umekunja ngumi, kucha zimezama kiganjani.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimpa kioo. "Ubongo wako haujapata habari kwamba mkono haupo," alimwambia. "Uonyeshe mkono unaofunguka, utatulia."

Mila ya mji haikumruhusu mjane kujitazama kiooni mpaka eda iishe. Mwanapazi alikuwa katika mwezi wa pili. Alijifungia chumbani, akakibana kioo wima kati ya magoti, kigutu nyuma ya kioo, mkono wa kulia mbele. Kiooni ukaonekana mkono wa kushoto, mzima. Akakunja ngumi, kisha akaanza kuifungua, kidole baada ya kidole. Kwa mara ya kwanza maumivu yakalegea.

Mlango ukasukumwa. Wifi yake, Bi Shali, alisimama na bakuli la uji.

"Mjane na kioo! Udongo wa kaka yangu haujakauka, unajipamba umwone nani?"

"Nautazama mkono, wifi."

"Mkono upi, mwongo wewe? Lete hicho kioo, na uniombe radhi."

Kiooni, vidole vitatu vilikuwa vimeshanyooka. Viwili bado. Mwanapazi hakuinua macho.

"Siombi radhi, wifi. Weka uji hapo, ufunge mlango."