Mwiko wa Bibi Tatu

Siku ya arobaini ya mama mkwe wangu, Bibi Tatu, wifi alinipa mwiko wa marehemu nisonge ugali wa hitima. Nilikuwa nimechoka. Wageni wa Handeni na Korogwe walikuwa hawajakatika, na miguu ilinivimba.

Nilipouosha nikaona umelika upande mmoja, umepinda kama mwezi mwandamo.

Nikakaa chini. Mwiko wangu mwenyewe umelika upande huohuo, ndiyo maana nauficha. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipoolewa mama alinionya, "Ukweni wasijue." Marehemu mume wangu tu ndiye aliyejua. Miaka thelathini na moja nimesonga kwa kulia mbele za watu, bega linawaka moto.

Na Bibi Tatu, aliyelea wajukuu tisa kwa jiko lile, kila akitaka kusonga alitufukuza. "Tokeni, moshi utawaumiza macho." Kisha anafunga mlango.

Alikuwa ananificha mimi, na mimi namficha yeye.

"Wifi, uji unatokota! Au unamsubiri marehemu aje akusongee?" wifi akaniita.

Wanawake waliokuwa jikoni wakacheka.

"Kula kwa kulia ni dini," nikasema. "Na kusonga je?"

"Kusonga ni nguvu tu. Kwani vipi?"

Nikasema bismillahi, nikahamishia mwiko mkono wa kushoto. Mmoja wao akainuka kufunga mlango.

"Uache wazi," nikamwambia.