Pigo la Kumi na Sita

Wodi ilikuwa kimya mchana ule, mapazia yakijaa upepo na kunywea. Salha, aliyebakiza miezi miwili kupata shahada ya ushairi, alishika mkono wa shangazi yake aliyelala na kuhesabu mapigo. Hakuhesabu kwa saa. Alihesabu kama alivyozoea kuhesabu mizani: nane, kituo, nane.

"Sista," alimwambia muuguzi, "pigo la kumi na sita halipo. Kila mshororo."

"Limekwenda wapi, mshairi?" Muuguzi alicheka, akaushika mkono ule. Kicheko kikakatika. Akaenda kumwita daktari.

Walibandika nyaya kifuani. Kwenye karatasi iliyotoka vilima vilifuatana, kisha pengo, kisha vilima tena.

"Uko mwaka wa ngapi wa udaktari?" daktari aliuliza.

"Nasoma ushairi. Mwaka wa mwisho. Nikitaka udaktari nianzie wapi?"

"Nyuma. Kidato cha tano: kemia, fizikia, baiolojia. Ukifaulu, ndipo uombe chuo."

Shangazi alikuwa amefumbua macho. "Ukakae na watoto? Watakuita shangazi darasani."

"Waniite," alisema Salha. "Nitarudi."

Aliinamia karatasi.

"Daktari, hapa penye pengo, moyo unakuwa unafanya nini?"

Daktari alitazama mlango, ambako wagonjwa wengine walikuwa wakimngoja. Kisha akavuta stuli, akaketi, akageuza karatasi upande mweupe na kuanza kuchora kitu mfano wa embe lililoinama.